Miradi imefungwa, sasa unasomea fani nyingine: utabeba yuniti ngapi?

Mwaka 2025 ulianza vibaya kwa vijana wengi wa Migori na Homa Bay waliokuwa na kazi za kuonewa wivu. Si kazi za serikali. Kazi za miradi. Januari 20 Rais wa Marekani Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla wiki haijaisha mashirika yaliyokuwa yakilipwa na USAID yakaambiwa yaweke kalamu chini. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID yenyewe ilikuwa imekoma kuendesha misaada.

Kwingineko nchini hiyo ilikuwa habari ya runinga. Huku kwetu ilikuwa habari ya kodi ya nyumba. Utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa 2018, ule wa KENPHIA, uliweka Homa Bay juu kabisa kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wanaoishi na virusi, na Migori ikawa ya nne kwa asilimia 13.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Palipo na mzigo huo ndipo pesa za mpango wa PEPFAR, ulioanza 2003, zilipomiminika. Na pesa hizo hazikununua dawa za ARV peke yake. Ziliajiri makarani wa data, washauri nasaha, maafisa wa ufuatiliaji na tathmini, madereva, wahudumu wa maabara na vijana wa kufuatilia wagonjwa waliopotea kliniki. Mtu alisoma sosholojia, au maendeleo ya jamii, au hata historia, akaingia kwa mradi, akajifunza kazi humo humo. Miaka mitano ikaisha. Ana digrii ya jambo moja na ujuzi wa jambo lingine, na sasa hakuna anayemlipa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ndiyo maana siku hizi ukikaa na vijana wa rika hilo, iwe ni Rongo, Oyugis au Mbita, hukosi kusikia mtu akisema, "Mimi narudi shule, na sirudi kwa kile nilichosoma." Huyu anataka uzamili wa biashara, yule wa sayansi ya data, mwingine anataka kuwa mwalimu. Mjadala wote huwa juu ya fani gani ina soko. Swali linalowaangusha wengi haliulizwi: ukishaingia kwa hiyo fani mpya, muhula wa kwanza utabeba yuniti ngapi, na zipi?

Kabla ya kuhesabu yuniti lakini, kuna mlango wa kukagua kwanza, kwa sababu kuna milango ambayo uzamili haufungui hata ukiupata kwa alama za juu. Kenya inapanga vyeti vyake kwa ngazi: shahada ya kwanza ni ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ya 8, uzamili wa 9, uzamifu wa 10. Kijana akiona hivyo anafikiri ngazi ya 9 inameza ya 7. Mabaraza ya taaluma hayahesabu hivyo. Baraza la Wauguzi linataka umesomea uuguzi kutoka msingi. Bodi ya Wahandisi inaangalia shahada ya kwanza ya uhandisi. Ukitaka kuwa wakili lazima uwe na shahada ya kwanza ya sheria kisha upitie Kenya School of Law. Uzamili wa afya ya umma ni digrii nzuri na unakufungulia kazi za upangaji, utafiti na usimamizi, ila hautakufanya muuguzi wala daktari wa kliniki. Kama ndoto yako ni kushika mgonjwa, huenda diploma ya KMTC, ambayo ina kampasi Migori na Homa Bay, ikakufikisha mapema kuliko uzamili wowote. Najua kurudi diploma ukiwa na digrii kunauma. Mtaani watasema umerudi nyuma. Waache waseme.

Ualimu ndio mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu ndio mlango unaogongwa na wengi huku. Mtaala wa umilisi umezaa sekondari msingi, na kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, likigawanywa kwa mikondo mitatu ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule zinahitaji walimu. Basi mwenye shahada ya sanaa au sayansi anaambiwa akafanye uzamili wa elimu awe mwalimu. Hapo amepotoshwa. TSC haimuulizi uzamili. Inamuuliza stashahada ya uzamili katika elimu, ile inayoitwa PGDE, pamoja na masomo mawili ya kufundishia ndani ya shahada yake ya kwanza. Na kuna kigezo kingine ambacho hakuna chuo kitakachokusaidia kukirekebisha: wastani wa C+ katika KCSE, na C+ katika yale masomo mawili. Kama ulipata C katika hesabu mwaka ule ukiwa na miaka 18, PGDE ya hesabu haitafuta hiyo C. Kwa hivyo kabla ya kulipa hata ada ya fomu, toa cheti cha KCSE chini ya godoro ukisome upya. Ni karatasi ya zamani lakini ndiyo inayoamua.

Watu wa huku hawafai kuona haya kubadilisha fani. Chuo kikuu cha Homa Bay kimepewa jina la Tom Mboya, na Mboya huyo alianza maisha ya kazi kama mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi. Akaingia vyama vya wafanyakazi, na 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, kusomea mahusiano ya kikazi kwa mwaka mmoja. Hakurudi na digrii. Alirudi na kile alichokifuata. Miaka minne baadaye alikuwa anapakia wanafunzi 81 kwenye ndege ya kwanza ya kwenda Marekani. Ukiangalia vizuri, alichagua kozi fupi iliyolingana na kazi aliyokuwa akiifanya tayari, na hilo ndilo somo ninalolichukua kwake katika jambo hili, mengine ya siasa tuyaweke kando.

Sasa twende kwa mzigo wenyewe.

Uzamili wa kawaida nchini umegawanywa mara mbili. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani, mara nyingi mihula miwili ya yuniti nne au tano. Mwaka wa pili ni tasnifu au mradi wa utafiti. Kwenye karatasi ni miaka miwili. Yuniti moja kwa kawaida ni saa tatu za mhadhara kwa wiki. Kanuni ya zamani ya wanafunzi inasema kila saa ya darasa inadai saa mbili za kusoma peke yako. Chukua yuniti nne: saa 12 za darasa, saa 24 za kusoma, jumla 36 kwa wiki. Hiyo tayari ni kazi ya ofisi, na bado hujaenda kutafuta unga.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayeendelea na fani yake. Yeye akisikia neno jipya, tayari ana mahali pa kuliweka kichwani. Wewe uliyetoka sosholojia ukaingia uchumi, kila ukurasa una maneno matatu ya kwenda kutafuta, na kila fomula imetoka kwa kitabu cha mwaka wa pili ambacho hukukisoma. Kwako saa moja ya darasa itataka saa tatu. Yuniti nne zinakuwa saa 48. Yuniti tatu ndizo zinazokurudisha kwenye 36. Kwa maneno mengine, yuniti tatu katika fani ngeni ni sawa na nne katika fani uliyoizoea. Kama una hasla ya mchana, duka la M-Pesa, boda, au kibarua cha kuhesabu samaki ufuoni, basi hata tatu ni nyingi. Mbili ndizo zitakazokaa: saa sita za darasa, 18 za kusoma.

Najua jibu litakalokuja: "Karo inalipwa kwa muhula, nikibeba mbili si natupa doo?" Swali zuri, na jibu linategemea chuo. Kuna vinavyotoza muhula mzima hata ukisajili yuniti moja. Kuna vinavyotoza kwa yuniti, na juu yake ada za usajili, maktaba na kadhalika. Hii ndiyo karatasi ya kwanza ya kuomba ofisini, kabla ya kuuliza habari ya mahafali. Kama ni kwa yuniti, kubeba chache hakukugharimu sana zaidi ya zile ada ndogo. Kama ni kwa muhula, fanya hesabu ya pande zote mbili. Muhula wa ziada una bei, kweli. Lakini kufeli yuniti mbili kati ya nne pia kuna bei: unalipia mtihani au somo upya, na kwa kozi za uzamili zenye wanafunzi wachache, yuniti uliyofeli Desemba huenda isifundishwe tena hadi Septemba inayofuata. Hapo ndipo miaka miwili inageuka minne bila mtu yeyote kukudanganya.

Mimi naegemea upande wa kupunguza muhula wa kwanza peke yake. Kama kozi ina yuniti nane za darasani, gawa mbili, tatu, tatu. Muhula mmoja zaidi, basi. Muhula wa kwanza unakuwa wa kujifunza lugha ya fani, kujua mhadhiri gani anajibu barua pepe, na kusoma vitabu vya shahada ya kwanza ambavyo wenzako walivisoma zamani. Ukishapata mguu, ongeza.

Ila si yuniti zote zina uzito sawa, na hapa watu huchagua vibaya. Mwanafunzi mgeni huona majina, anachukua yale yanayosikika mepesi na kuacha takwimu na mbinu za utafiti hadi mwisho. Matokeo yake, tasnifu inamkuta hajui kupanga sampuli. Waliotoka miradi ya Ukimwi wako na faida hapa, na wengi hawaijui. Mtu aliyekaa miaka minne akiingiza takwimu za kliniki kwa mfumo wa afya wa taifa, ule uliojengwa juu ya DHIS2, anajua data chafu inafananaje. Anajua kwa nini idadi ya Machi haikubaliani na ya Aprili. Huyo asiogope yuniti ya takwimu. Ndiyo yuniti yake ya nyumbani. Aichukue muhula wa kwanza, iwe nanga, halafu aiwekee kando yuniti moja tu iliyo ngeni kabisa. Moja unayoijua nusu, moja usiyoijua. Ukichukua mbili usizozijua kwa pamoja, zote zitakudai kwa wiki ile ile, maana kazi za darasani zina tabia ya kuja pamoja kama mbu wa jioni.

Kwa mshauri nasaha anayehamia biashara hali ni tofauti. Nanga yake itakuwa usimamizi wa watu au tabia za mashirika. Uhasibu ndio mgeni. Kwake ningesema hata kabla ya kujiunga, achukue miezi mitatu asome uhasibu wa mwanzo kwa vitabu vya ngazi ya kwanza ya CPA, si lazima afanye mtihani wa KASNEB, ajue tu mizani ya hesabu inasimamaje. Vyuo vingine hudai masomo ya kuziba pengo kwa waliotoka fani nyingine. Wanafunzi huyaona kama adhabu, na huomba yaondolewe. Usiombe yaondolewe. Uliza badala yake kama yanahesabiwa ndani ya mzigo wa muhula au juu yake, kwa sababu yuniti tatu pamoja na mbili za kuziba pengo ni tano, hata kama nakala ya alama itaonyesha tatu.

Jambo la kuhofia kwa upande wa pili ni chuo kinachokupokea bila kuuliza chochote. Vyuo vyetu vya umma vina madeni, na mwanafunzi wa uzamili anayejilipia ni pesa taslimu. Mfumo wa ufadhili wa 2023, uliozua kesi mahakamani, uliwalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza na wa vyuo vya kiufundi. Wewe wa uzamili uko nje ya hizo bendi, karo ni yako. Kwa hivyo idara inayokwambia "njoo tu, utashika ukiendelea" haifanyi hivyo kwa huruma. Idara inayokuuliza ulisoma nini, ulipata nini, na kukupa orodha ya vitabu, hiyo ndiyo imekufikiria.

Na tukiwa kwa pesa, kuna deni la nyuma. Wengi waliopoteza kazi walikuwa wakikatwa HELB kwa mshahara. Mshahara ulipokatika, makato nayo yakakatika, na sheria inaruhusu faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Kwa mtu asiye na kazi hiyo ni ngori. Wasiliana na bodi mapema, eleza kwamba huna ajira, kabla hujaanza kujaza fomu za chuo. Kupanga karo mpya ukiwa na faini inayokua kimyakimya ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Tuje kwa barabara. Migori ina Rongo University, iliyopata hati yake 2016. Homa Bay ina Tom Mboya. Jirani kuna Kisii, kuna Maseno upande wa Kisumu, na kuna Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo. Kwenye ramani vyote viko karibu. Lakini si kila chuo kinafundisha kila uzamili, na fani mpya mara nyingi iko chuo cha mbali zaidi. Mtu wa Mbita anayesoma Bondo anavuka ziwa kwa feri hadi Luanda Kotieno kisha anapanda gari. Feri ina saa zake. Mtu wa Migori anayesoma Maseno anapita Awendo, Rongo, Kisii, Oyugis, Ahero, Kisumu, na hajafika. Masomo ya wikendi yanasaidia, na kozi za likizo za Aprili, Agosti na Desemba ziliwekwa kwa ajili ya walimu kama hawa wetu. Lakini saa za safari ziingize kwa ile hesabu ya 36. Yuniti mbili zinazofundishwa Jumamosi moja ni safari moja. Yuniti mbili, moja Ijumaa jioni na nyingine Jumapili, ni usiku mbili za kulala kwa watu. Kuna wakati ratiba inafaa ikuchagulie yuniti kuliko wewe kuzichagua kwa jina. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati 2023 na kinachofundisha mtandaoni, kimepunguza safari kwa baadhi ya kozi, ingawa bando na stima vitakuwa ndio nauli yako mpya.

Kisha migomo. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waliweka chaki chini kudai malimbikizo ya mishahara, na hawakurudi hadi mapema Novemba. Mwaka uliotangulia pia waligoma. Sisemi walikosea, mtu anayedai haki yake hadharauliwi. Nasema ukipanga kumaliza kwa wakati ule ule ambao akiba yako itaisha, mgomo mmoja utakukuta huna kitu. Weka muhula mmoja wa ziada kwenye bajeti hata kama umebeba mzigo kamili. Hapa pia anayebeba yuniti chache anaumia kidogo: masomo yakirudi, mihadhara inabanwa kwa wiki chache, na mwenye yuniti tano anafanya mitihani mitano ya vitu alivyofundishwa mbiombio.

Sehemu ya mwisho ni tasnifu, na hii ianze kufikiriwa muhula wa kwanza. Anayebadilisha fani huwa na hamu ya kuacha yote ya nyuma. Amechoka na Ukimwi, amechoka na takwimu za kliniki, anataka kuandika juu ya kitu kingine kabisa. Ninamwelewa. Lakini mada inayopanda juu ya ujuzi wa zamani inakuokoa mwaka. Aliyehamia uchumi anaweza kuuliza kaya za Ndhiwa zimefidia vipi mshahara wa mradi uliokatika. Aliyehamia biashara aangalie wanawake wa samaki Mbita wanavyokopeshana. Aliyehamia elimu afuatilie shule za Nyatike karibu na machimbo ya dhahabu. Maeneo unayajua, lugha unayo, machifu unawajua kwa majina. Kinachobaki ni nadharia ya fani mpya, na hiyo ndiyo uliyoingia kuitafuta. Ila rekodi za wagonjwa ulizokuwa ukizishika kazini si mali yako. Usizibebe kwenye flashi ukidhani ni data ya tasnifu. Utahitaji kibali cha maadili cha utafiti na leseni ya NACOSTI, na vyote viwili huchukua wiki ambazo hakuna ratiba ya chuo inayozitaja.

Ukienda idarani basi, usiende kuuliza "kozi ni miaka mingapi". Watakwambia miwili. Uliza yuniti zipi hufundishwa mara moja kwa mwaka, na muhula upi. Uliza ipi inatangulia ipi. Uliza muda wa juu kabisa wa usajili ni miaka mingapi, ujue kupunguza mzigo kutakufikisha wapi. Uliza ni wahadhiri wangapi wa hiyo fani wenye uzamifu wako hapo sasa hivi, na kila mmoja anasimamia wanafunzi wangapi. Mkuu wa idara akitaja majina matatu bila kufungua daftari, kaa ujaze fomu. Akianza kutafuta simu yake ampigie mtu wa kampasi nyingine, chukua brosha, mshukuru, na upande gari la kwenda kuuliza chuo kinachofuata kabla usajili wa Septemba haujafungwa.